Mjomba, Huyu Yesu Anaumwa Nini? Jinsi ya Kusoma Michoro ya Kale ya Magonjwa, Tiba, Dini na Nyuso

Jumapili moja jioni tulikuwa tumekaa barazani Rau, hapa Moshi, mlima umejifunua baada ya kushinda mawinguni, binti wa dada yangu akanisogezea simu yake. Anasomea afya katika chuo kimoja hapa mjini, na ana tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza mpaka ajibiwe. Kwenye kioo palikuwa na picha ya Yesu msalabani. Hakufanana na yule wa kalenda za parokia, mwenye ngozi safi na tone la damu ubavuni. Huyu rangi yake ilikuwa ya kijivu inayoelekea kijani, vidole vimekakamaa kama vijiti vya mbuni uliokauka, midomo imepauka, na mwili mzima umetapakaa vidonda vidogo, vingine bado vina miiba ndani yake.

"Mjomba, huyu Yesu anaumwa nini?"

Mama yake akamkemea, akidhani anakufuru. Lakini binti alikuwa ameuliza kwa dhati. Juma lile walikuwa wamefundishwa kumkagua mgonjwa ngozi kuanzia utosini hadi unyayoni, na macho yake yalikuwa yameanza kufanya kazi hiyo hata mbele ya msalaba. Nikamwambia swali lake ni sahihi kabisa. Nimekuwa nikifundisha historia kwa miaka mingi, na bado sijapata mlango mzuri kuliko huo wa kuingilia kwenye michoro ya kale ya magonjwa.

Picha ile ilichorwa na Mjerumani Matthias Grünewald kati ya 1512 na 1516. Ilikuwa picha kubwa ya altareni, yenye mbao zinazofunguka na kufungwa kama milango ya kabati, na iliwekwa katika kanisa la watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, eneo la Alsace ambalo leo liko Ufaransa. Watawa hao walikuwa na kazi moja iliyowatambulisha: kuuguza watu waliopatwa na ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Mgonjwa alihisi mikono na miguu inaungua kutoka ndani. Baadaye vidole vilikuwa vyeusi, vikakauka kama mkaa, vikakatika. Wengine walitetemeka na kujikunja kwa degedege, wakaona mambo yasiyokuwepo.

Chanzo kilikuwa mkate. Maskini wa Ulaya walikula nafaka iitwayo rai, ndugu wa ngano, na katika misimu ya baridi na unyevu kuvu ilivamia masuke yake. Sumu ya kuvu hiyo hubana mishipa ya damu mpaka damu isifike vidoleni. Wakati ule hakuna aliyejua. Sisi tusiwacheke: mwaka 2016, huko Dodoma na Manyara, watu walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na kabla wataalamu hawajafika ugonjwa ule ulikuwa fumbo kwa walioshuhudia watoto wao wakigeuka manjano macho. Adui anayekaa ndani ya chakula cha kila siku ni wa mwisho kushukiwa.

Watawa wa Isenheim waliwapa wagonjwa mkate mweupe wa ngano, nyama ya nguruwe, mvinyo uliomiminwa juu ya masalia ya mtakatifu wao, na marhamu ya kupaka. Viungo vilivyooza walivikata. Kwa maoni yangu mkate ule mweupe ulifanya kazi kubwa kuliko vyote, maana ulimwondoa mgonjwa kwenye sumu bila mtu yeyote kujua kwamba ndicho kinachotokea. Na wagonjwa walifikishwa mbele ya picha. Hapo ndipo jibu la mpwa wangu lilipo. Yesu yule anaumwa kile walichokuwa wakiumwa waliokuwa wamelala wakimtazama. Mchoraji alichukua ngozi yao akamvika.

Ukifungua mbao za ndani unakutana na mchoro mwingine, Antoni akishambuliwa na mashetani. Chini, kona ya kushoto, ameketi kiumbe aliyevimba tumbo, mwenye majipu mwili mzima, kichwa amekiangusha nyuma kwa maumivu. Hashambulii wala hatishi, anateseka tu. Na upande wa kulia kuna kikaratasi kilichochorwa, kimeandikwa kwa Kilatini: "Ulikuwa wapi, Yesu mwema, ulikuwa wapi? Kwa nini hukuwapo uyaponye majeraha yangu?" Nimekaa wodini na watu wangu, nami nimelisikia swali hilo likiulizwa kwa Kichaga na kwa Kiswahili. Wale watawa waliliruhusu liandikwe ndani ya kanisa lao, mahali ambapo mgonjwa angeweza kulisoma au kusomewa.

Kwa hiyo kabla hujauliza mchoro wa kale unaonyesha nini, uliza ulichorwa kwa ajili ya macho ya nani. Mwili ule ule wenye upele hubadilika kabisa kutegemea kama anayetarajiwa kuutazama ni mgonjwa mwenyewe, au umati wenye hofu, au daktari, au mfadhili, au hakimu. Watu wengi hukosea hapo. Huichukua michoro hiyo kama picha za kamera zilizopigwa kabla ya kamera kuwepo.

Tunao mfano wa nyumbani wa kile alichofanya Grünewald. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kwenye kuta za kanisa la kumbukumbu ya wafiadini huko Murang'a, Kenya, miaka ya 1950, katika nchi iliyokuwa bado inavuja damu ya vita vya Mau Mau. Yesu wake ni Mwafrika, na matukio ya Injili, tangu kuzaliwa hadi msalaba, yanatokea katika milima na migomba ambayo waumini wa kanisa lile waliijua. Wako waliodhani anabadilisha dini. Alikuwa akiwapa waliofiwa uso wanaoufahamu.

Kuna michoro iliyokwenda mbali zaidi: haikumfariji mgonjwa tu, ilihesabiwa kuwa dawa. Ethiopia ina utamaduni mrefu wa hati za uponyaji, vipande vya ngozi ya mnyama vilivyoshonwa kuwa ukanda mmoja mrefu, mara nyingi sawa na kimo cha mgonjwa ili zimlinde tangu kichwani hadi miguuni. Aliyeziandika aliitwa debtera, mtu wa kanisa aliyesomea pia elimu ya siri. Huandika sala kwa Kigeezi, lugha ya kale ya kanisa lao, na kuchora malaika wenye panga, misalaba, na nyuso zenye macho makubwa mno yanayokutazama moja kwa moja. Wengi wetu tukiyaona tunadhani ni mtindo wa uchoraji tu. Macho yale yana kazi. Pepo aliyemwingia mgonjwa ndiye anayetarajiwa kuyaona, kupitia macho ya mgonjwa, naye akimbie. Hati nyingi zimebeba kisa cha Mtakatifu Susenyos, aliyempiga mkuki Werzelya, mwanamke wa kishetani anayeua watoto wachanga. Mama aliyeharibikiwa mimba mara kwa mara alipewa hati hiyo aivae.

Msomaji aliyewahi kunyweshwa kombe hahitaji maelezo marefu hapa. Aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Maandishi yanaingia mwilini kama dawa. Mwenye kumtundikia mtoto hirizi shingoni naye anafuata mantiki ileile. Nataja haya kwa sababu vitabu vingi huiweka michoro ya dini chumba kimoja na ya tiba chumba kingine, ilhali kwa muda mrefu katika historia ya binadamu ukuta huo haukuwepo, na kwa familia nyingi za hapa Moshi haupo hata leo: mgonjwa anapelekwa hospitali asubuhi, na jioni anaombewa.

Mpwa wangu akauliza kama wachoraji wote walikuwa na huruma namna hiyo. Hapana.

Mwaka 1496, huko Nuremberg, Ujerumani, ilitolewa karatasi iliyopigwa chapa kutoka kwenye ubao uliochongwa. Shairi lilikuwa la daktari wa mji, Dirk van Ulsen, na mchoro kwa kawaida unahusishwa na Albrecht Dürer. Unaonyesha kijana aliyevaa kofia yenye manyoya na joho la kisharifu, amenyoosha mikono, uso na miguu imejaa vidonda vya duara. Ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya kaswende, ugonjwa uliokuwa umezuka Ulaya mwaka mmoja au miwili tu kabla. Juu ya kichwa chake kuna duara la buruji kumi na mbili, yale makundi ya nyota ya wanajimu, limeandikwa 1484. Wasomi wa wakati huo waliamini kwamba mwaka huo sayari za Mshtarii na Zohali zilikutana katika buruji ya Nge, na Nge kwa elimu yao ndiye mtawala wa sehemu za siri. Kwa hiyo kidole kiliinuliwa juu, kikaelekezwa kwenye nyota.

Mchoro huo haukuwa na haja na mgonjwa. Kofia na joho ni vya kumwonyesha mwenye mji kwamba huyu ni mtu wa anasa, na pengine mtu wa kuja. Waitaliano waliuita ugonjwa huo wa Wafaransa, Wafaransa wakauita wa Napoli. Nasi tulifanya hivyo hivyo. UKIMWI ulipoingia Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichovuka mpaka kutoka Uganda. Ugonjwa mpya hupewa kwanza jina la jirani au la bidhaa ya jirani.

Baadaye yalikuja mabango. Nakumbuka yale ya ujana wangu yaliyochora mtu aliyebaki mifupa, mashavu yameingia ndani, fuvu pembeni. Yalikusudiwa kuonya, na naamini walioyachora walitaka kuokoa maisha. Lakini yalitufundisha kumtambua mgonjwa kwa sura, na mtu mnene mwenye ngozi nyororo akaonekana salama. Ilibidi miaka mingi ya kuhubiri kwamba huwezi kumjua mwenye virusi kwa kumtazama. Rafiki zangu wawili wa Majengo walizikwa katika miaka hiyo. Wote wawili waliugua baada ya kuhukumu kwa macho.

Hapa niingize onyo kwa wanaosambaza picha kwenye makundi ya WhatsApp, maana wakati wa Korona nilizipokea kila siku. Ile ya daktari aliyevaa kinyago chenye mdomo mrefu kama wa ndege haitoki wakati wa Tauni Kuu ya 1347 hadi 1351. Mchoro maarufu wa daktari huyo ulichapishwa na Paul Fürst mwaka 1656, karne tatu baadaye, na una maneno ya kuwakejeli matabibu wanaokimbilia fedha za wagonjwa. Na ile ya askofu akiwabariki watu wenye madoa mekundu usoni, inayowekwa kila mahali kama picha ya tauni, imetoka kwenye kitabu cha Kiingereza cha karne ya 14, na wale watu ni wagonjwa wa ukoma. Tauni haimjazi mtu madoa namna ile; alama yake kubwa ni mtoki, uvimbe wa kinena au kwapa. Ndiyo maana Mtakatifu Roko, msimamizi wa wagonjwa wa tauni, huchorwa akipandisha vazi kuonyesha jeraha pajani. Wachoraji kwa adabu walilishusha kutoka kinenani.

Twende kwa madaktari. Mwaka 1847 Bergen, Norwei, ilikuwa na wagonjwa wengi wa ukoma, na madaktari wawili, Danielssen na Boeck, walitoa atlasi ya michoro ya rangi iliyofanywa na msanii Johan Ludvig Losting. Michoro hiyo ni ya ajabu. Kila uvimbe wa paji la uso upo mahali pake, nyusi zilizodondoka, jicho linaloshindwa kufumba. Hakuna moto wa jehanamu nyuma, hakuna kengele mkononi kama wakoma wa michoro ya zamani. Ni watu wa Bergen wenye nguo zao za kawaida, wametulia, wanatazamwa. Mwenye mafunzo leo anaweza kuitumia michoro ile kutambua aina ya ukoma.

Hata hivyo Danielssen aliamini ukoma unarithiwa katika ukoo. Mkwe wake, Armauer Hansen, ndiye aliyegundua mwaka 1873 kwamba unaletwa na bakteria. Jicho la Losting halikukosea hata kidogo, na nadharia iliyochapishwa pamoja na michoro yake ilikuwa ya uongo. Wanafunzi wangu hupata tabu kukubali jambo hili, maana tumezoea kudhani kwamba anayeona vizuri anaelewa vizuri.

Karibu wakati huohuo Guangzhou, China, mmishenari daktari kutoka Marekani, Peter Parker, alifungua hospitali ya macho mwaka 1835. Wakamjia watu wenye uvimbe uliokua kwa miaka, mwingine mkubwa kama boga. Mchoraji maarufu wa mji huo, Lam Qua, ambaye mpwa wake alikuwa mwanafunzi wa Parker, alikubali kuwachora wagonjwa hao bila malipo. Alichora zaidi ya picha 100, na nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale. Nakuomba uzitafute. Mtu ameketi, uvimbe unaning'inia begani au shavuni, na uso wake umetulia kama anayepigwa picha ya harusi ya kaka yake. Dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Ilitumika hospitalini hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1847. Waliokatwa uvimbe kabla ya hapo walikatwa wakiwa macho.

Parker alizichukua picha hizo alipokwenda Marekani kuomba misaada. Hapo nafsi yangu inagawanyika. Bila misaada ile wagonjwa wasingetibiwa, na wengi waliponywa kweli. Lakini aliyekaa mbele ya Lam Qua akitumaini kutolewa mzigo hakujua kwamba uso wake ungezunguka kumbi za ng'ambo ukiwafungulia watu pochi. Sisi tunaoishi karibu na hospitali za misheni tunazijua picha za namna hiyo, za mtoto wa jirani kwenye kipeperushi cha wafadhili. Utulivu aliouweka Lam Qua kwenye nyuso zile naona ndio ulinzi pekee aliowapa. Huwezi kumwangalia mtu yule ukamwona uvimbe peke yake.

Mchoro wa karibu zaidi na kwetu ni wa mwaka 1879. Mwingereza kijana, Robert Felkin, aliyesomea udaktari na kutumwa na wamisheni, alikuwa Bunyoro, Uganda ya leo, akaruhusiwa kushuhudia mama akifanyiwa upasuaji wa kujifungua. Mama wa umri wa miaka ishirini hivi, mimba ya kwanza, amelazwa kwenye kitanda chenye mwinamo na kufungwa kwa vitambaa vya magome ya mti. Amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelewa nusu. Mpasuaji ananawa mikono kwa pombe hiyohiyo, anaosha tumbo la mama, kisha anaosha tena kwa maji. Anatamka maneno ya dua, anapiga ukelele, watu walioko nje wanaitikia, na kisu kinashuka. Damu inazuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha linafungwa kwa pini saba za chuma zilizong'arishwa, juu linapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona, mama na mtoto wote wazima.

Felkin alichapisha taarifa hiyo na mchoro wake katika jarida la udaktari la Edinburgh mwaka 1884. Fikiria msomaji wake. Huko kwao upasuaji huo bado uliwaua akina mama wengi, na ulikuwa bado mjadala kama daktari ana haja ya kunawa. Msomaji yule alitazama mchoro, akaona mtu mweusi na kisu na mwanamke aliyefungwa, na wengi hawakujua waweke wapi walichokiona. Kwangu mimi, mtu wa nchi ya migomba, pombe ile ndiyo inayonigusa. Mbege na ndugu zake tunaziona kuwa vinywaji vya sherehe na matambiko, kumbe kulikuwa na mikono iliyojua kwamba zinasafisha. Felkin alichora kisu kwa umbo lake. Jina la mpasuaji hakutuachia. La mama pia hakutuachia.

Nimeacha nyuso mwisho kwa sababu ndizo zinazoniuma.

Kuamini kwamba uso hufichua tabia ni jambo la zamani. Giambattista della Porta wa Napoli, mwaka 1586, alichapisha michoro ya vichwa vya watu kando ya vichwa vya wanyama: mwenye pua ya kunguru, mwenye paji la simba. Karne mbili baadaye mchungaji wa Zurich, Johann Kaspar Lavater, alitoa vitabu vikubwa kati ya 1775 na 1778 akifundisha kusoma roho ya mtu kwenye pua, kidevu na paji. Alikuwa mtu wa dini na alidhani anasoma maandishi ya Mungu. Vitabu vyake vilienea mno. Mwaka 1831 nahodha FitzRoy alikaribia kumkataa Charles Darwin asipande meli ya Beagle, kwa kuwa pua ya kijana huyo, kwa mafundisho ya Lavater, haikuwa ya mtu mwenye juhudi.

Darwin alipanda meli. Wengine pua zao ziliwagharimu zaidi. Mholanzi Petrus Camper alichora nyuso kwa upande akapima pembe ya mstari kutoka paji la uso hadi mdomoni: nyani mkubwa wa Asia digrii 58, Mwafrika 70, Mzungu 80, sanamu za Wagiriki 100. Camper mwenyewe aliamini binadamu wote ni wa asili moja, na alikusudia kuwasaidia wachoraji. Lakini mchoro una uzima wake. Ukiwapanga watu kwenye mstari mmoja kutoka kwa nyani hadi kwa sanamu, mtazamaji atausoma kama ngazi hata ukiandika chini kwamba si ngazi. Waliofuata waliacha maneno wakachukua mstari, na walipochoka na michoro wakataka mafuvu yenyewe.

Hapo ndipo habari hii inapopanda kutoka mjini kwetu kwenda Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, pamoja na viongozi wengine 18 wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Familia yake inaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake ametumia maisha yake akikitafuta. Wakati huo mwanaanthropolojia Felix von Luschan, huko Berlin, alikuwa akikusanya mafuvu kutoka makoloni ili yapimwe. Watafiti wa siku hizi walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na mwaka 2023 vipimo vya DNA viliunganisha matatu kati yake na familia zilizo hai huku Kilimanjaro. Meli mwenyewe hakupatikana kwenye vipimo hivyo. Pale aliponyongewa leo pana sanamu ya uso wake, na watoto wa shule huletwa kuiona. Nilipowapeleka wa kwangu, mmoja aliinua mkono akamgusa shavu.

Kutoka kwenye mstari wa Camper hadi kwenye sanduku la mafuvu ni hatua chache, na kila hatua ilipigwa na watu wasomi waliojiona wanafanya sayansi safi. Ndiyo maana simwelewi anayesema michoro ya kale ni mapambo tu.

Kulikuwa kumeshaingia giza nilipofika hapo, na dada yangu ameleta chai. Binti alikuwa kimya. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba michoro ya kozi yake nayo ina mtazamaji wake. Wanafundishwa kutafuta wekundu. Upele una wekundu, kidonda kinachovimba kina wekundu pembeni. Karibu kila mwili kwenye vitabu vyao ni mweupe. Kwenye ngozi ya kahawia au nyeusi wekundu huo huja kama zambarau, au kijivu, au weusi uliozidi weusi, na asiyefundishwa hivyo hupita akiutazama. Yeye mwenyewe amekuwa na pumu ya ngozi tangu utoto. Alipokuwa darasa la tatu, katika zahanati moja, mama yake aliambiwa mtoto hana kitu, maana ngozi haikuwa nyekundu. Alikuwa halali usiku kwa kujikuna.

Moshi ina bahati ya kuwa na kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, kinachofundisha watu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990, ambapo mwanafunzi huiona ngozi yetu kila asubuhi kwenye benchi. Lakini wengi wanaosomea afya katika Afrika huanza na vitabu. Mwishoni mwa 2021 Mnigeria aliyekuwa akisomea udaktari, Chidiebere Ibe, alichora mama mweusi mwenye mtoto mweusi tumboni, mchoro wa kawaida kabisa wa darasani, ukasambaa dunia nzima. Watu wazima, madaktari miongoni mwao, waliandika kwamba hawajawahi kuona kijusi cheusi kikichorwa.

Mpwa wangu aliingia ndani akarudi na daftari na boksi la penseli za rangi, zile za dukani za kumi na mbili. Kahawia ilikuwa moja tu. Akaijaribu pembeni ya karatasi, akapaka zambarau juu yake kidogo kidogo, akafuta, akarudia. Kisha akakunja mkono wa gauni, akaulaza mkono wa kushoto mezani, kiwiko kimeelekea juu, mahali ambapo ngozi imekuwa ngumu na ya kijivu kwa miaka ya kujikuna. Taa ya barazani haikutosha.

"Mjomba," akasema, "nishikie tochi."